Mawimbi ya Mshazari

Bandung, 4 Machi 2019

Kaka Tagor,

Habari za Ambon? Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa, na shemeji naye mzima. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata soksi.

Najua hukuitarajia barua yangu. Mwaka jana nilisema mbele ya wakubwa kwamba vipimo vyako vya lile bamba la shaba lenye matundu ya kupitisha mawimbi ya rada ni vibovu, kwa sababu havikufanana na hesabu ya kompyuta yangu. Wewe ukahamishiwa ghalani huko Ambon, mimi nikapandishwa cheo.

Sasa bamba lile linakwenda kufunika rada ya mvua, na hesabu imenigeuka. Wimbi likipiga wima, mambo shwari. Likija mshazari wa nyuzi arobaini, nguvu inayotoka inazidi iliyoingia, jambo lisilowezekana. Nimejaribu kila kitu, wapi. Naomba daftari lako la vipimo.

Mdogo wako,
Nenden

Ambon, 19 Machi

Nenden,

Salamu zimefika. Kifua kimepona. Shemeji yako yu mzima, ingawa alipoona jina lako kwenye bahasha alitaka kuitumia kuwashia jiko.

Daftari ninalo, lakini sikupi. Ukilipata utasukumasukuma hesabu mpaka ifanane na namba zangu, na hutajua ulikosea wapi.

Nikuulize moja tu. Unachora kipande kimoja cha bamba, kisha unaiambia kompyuta kwamba kinajirudia bila mwisho: kinachotoka ukingo wa kulia kiingie tena ukingo wa kushoto. Je, wimbi la mshazari linafika kingo zote mbili kwa wakati mmoja?

Tagor

Bandung, 2 Aprili

Kaka Tagor,

Nakuamkia wewe na shemeji. Mimi mzima, usingizi tu ndio umenipungua.

Halifiki kwa wakati mmoja. Linagusa ukingo mmoja, wa pili unachelewa kidogo, nami nilizishona kingo kana kwamba hakuna kuchelewa. Ni mstari mmoja wa programu. Niliuweka sifuri nilipojaribu wimbi la wima, nikausahau hapo. Nilipoujaza sawasawa, kilichopita na kilichorudi vikajumlika kuwa kile kilichoingia. Nikarudia kila nyuzi tano. Kwenye arobaini zinapita sehemu tatu tu kati ya kumi za nguvu. Rada ingekuwa kipofu.

Nilimweleza Pak Wiryo, mkuu wetu. Akaniambia nirekebishe kimya kimya, ya zamani yamekwisha. Nikamjibu kwa heshima zote, “Kwa Kaka Tagor hayajaisha, Pak.”

Jumatatu nitasimama ukumbi ule ule, mbele ya watu wale wale, na kusema kwamba kosa lilikuwa langu. Sikuombi msamaha kabla sijasema.

Mdogo wako,
Nenden

Ambon, 20 Aprili

Mdogo wangu Nenden,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Namba zangu za nyuzi arobaini ni hizo zako, tofauti ni unywele tu.

Habari za Jumatatu nimezisikia kwa Pak Wiryo mwenyewe. Alipiga simu, sauti ndogo, akaniomba nirudi tutengeneze bamba jipya. Akasema wewe umeondolewa kwenye mradi. Nikamwambia basi nami nabaki na ghala langu. Kesho yake alipiga tena: umerudishwa.

Tutafanya hivi. Wewe utahesabu, mimi nitapima, na hakuna atakayeona namba za mwenzake mpaka wote tumemaliza. Zikipishana, hakuna kwenda kwa wakubwa. Tunakaa tunatafuta.

Mimi na shemeji yako tunatua Bandung Jumamosi, tarehe 4 Mei, saa nne asubuhi. Yeye hajakusamehe. Amesema anataka kukwambia hivyo usoni, kwa hiyo uje kutupokea.

Kaka yako,
Tagor