Vitenge Vilivyoliwa na Jua Ndani ya Simu

Lubumbashi, Jumamosi, katikati ya Julai

Asubuhi ilikuwa na ile baridi yetu ya kiangazi inayokufanya uoge haraka na kumkumbuka Mungu. Sasa ni jioni, upepo umetulia, vumbi jekundu limelala kwenye dirisha nililolifuta jana tu. Niko sawa. Nina aibu kidogo, lakini niko sawa.

Niseme ukweli tangu mwanzo: napenda dégradé kupita kiasi. Kwa asiyejua kazi hii yangu ya kutengeneza programu za simu, dégradé ni rangi inayoanza juu ikiwa ya chungwa, inateremka polepole, na ukifika chini unakuta imekuwa waridi wala hujui ilibadilikia wapi. Wenzangu wanapenda mpira, wanapenda bia. Mimi naweza kukaa saa nzima nikisogeza rangi moja kidogo tu ili impokee mwenzake bila ugomvi. Rafiki zangu husema nikifa watanizika kwenye jeneza la dégradé.

Mwezi uliopita nilimtengenezea Mamu programu yake. Mamu ni mama yangu. Soko zima linamwita Mamu Ngalula, kama watu wa Kasai wanavyomwita mama wa heshima. Anauza vitenge, au bikwembe kama tunavyosema hapa, tangu mimi sijazaliwa, na sifa yake ni moja: kitenge cha Mamu Ngalula hakipauki. Wateja walikuwa wakimwandikia kutoka Kasungami, kutoka Karavia, hata kutoka Kasenga, wakiomba picha, naye alikuwa akiwatumia picha zinazoonyesha kidole gumba kuliko kitenge. Nikasema acha nimfanyie kitu kizuri. Mteja afungue simu, aone vitenge vyote, achague, aache ujumbe.

Basi nikavipiga picha kimoja kimoja kwenye ukuta wa uani, Mamu akinishikia. Na juu ya kila picha nikaweka, bila shaka, dégradé: nyeupe kama maziwa huko chini, inapanda ikipungua, inaishia katikati ya kitenge. Ilikuwa na kazi yake. Kila kitenge kina jina ambalo wauzaji wamekipa (kile cha macho ya kijani Mamu anakiita "Jirani Funga Dirisha"), na jina lilikaa juu ya ile nyeupe likasomeka vizuri kabisa. Kwenye simu ya Mamu, ambayo si ya gharama, ile nyeupe ilikatika mistari mistari kama ngazi. Nilitumia siku tatu kuilainisha.

Siku tatu. Na sikupata hata dakika moja ya kumuuliza Mamu yeye anaona nini.

Nilipomwonyesha, alizipitisha picha kwa kidole, taratibu, mpaka ya mwisho. Akarudi kwenye ya kwanza, akaiangalia tena huko chini. Halafu akasema, "Iko muzuri, mutoto wangu. Iko muzuri sana." Nikalala na furaha ya mtoto aliyepewa biskuti.

Kazi yangu naifanyia nyumbani, sokoni huenda mara chache. Leo nimekwenda kwa sababu Mamu alisahau chupa yake ya chai. Nikakuta kibanda kina giza, mlango umerudishwa nusu. Kwa kawaida vitenge vyake vinaning'inia mlangoni, unaviona tangu kona ya wauza samaki. Leo mlangoni hapakuwa na kitu. Vyote vilikuwa ndani, vimekunjwa, na yeye amekaa katikati yao kwenye kigoda, amejifunga koti. Nilidhani anaumwa.

Kabla sijamuuliza, akaingia Mama Béa. Huyu ndiye kiongozi wa wamama wa kwaya ya parokia moja kule Kasungami. Wako arobaini, na kila sikukuu ya parokia huimba wamevaa kitenge kimoja, na kitenge hicho hununua kwa Mamu, miaka nenda miaka rudi. Sikukuu ni mwezi ujao. Mama Béa akatoa simu, programu yangu ikiwa wazi, akaiweka kando ya kitenge kilekile kilichokuwa mezani. Akakikunjua. Akaangalia pindo la chini, akaangalia simu, akarudi kwenye pindo.

"Mamu Ngalula," akasema kwa upole, "hii ya mu telefone, jua ilikula chini. Utatupatia ya kutundika ku mulango?"

Nikaiweka chupa ya chai mezani, nikaliangalia pindo mimi pia.

Maana kila muuzaji hutundika kitenge kimoja mlangoni kama kielelezo, na miezi ya kiangazi jua hukila sehemu ya chini, ile inayopita kivuli cha paa, mpaka inakuwa nyeupe. Mnunuzi yeyote wa mji huu anajua kuangalia pindo. Wapo wauzaji wanaovichomeka vile vilivyoliwa katikati ya vipya. Mamu hajawahi. Vyake vilivyoliwa na jua alitushonea sisi binti zake, na utoto wangu wote nilivaa sketi zenye kiuno cha rangi kali na pindo lililopauka. Labda ndiko nilikoupata ugonjwa huu wa dégradé. Nilipaswa kuwa mtu wa kwanza mjini kuona nilichokifanya.

Nilikuwa nimempaka mama yangu, juu ya kila kitenge chake, alama ya muuzaji mdanganyifu.

Na Mamu alijibu nini? "Apana, Mama Béa. Ni camera njo mubaya. Iko ya zamani." Camera! Picha nilizipiga mimi, kwa simu yangu mpya, na yeye mwenyewe alikuwepo. Mama Béa akasema ataongea kwanza na wamama wenzake. Akaaga vizuri, lakini alipotoka alisimama kwenye kibanda cha jirani akaanza kupapasa vitenge vya pale. Wamama arobaini, na lile jina la Mamu la miaka yote, nikaviona vinatoka mlangoni pamoja naye.

Mamu alipoona uso wangu akachukua chupa, akaanza kunimiminia chai mimi. Nikambana mpaka akasema. Kumbe wateja walikuwa wanamuuliza tangu wiki ya kwanza. Ndipo akavitoa vitenge mlangoni na kuurudisha mlango, asipatikane mtu wa kusema jua limevigusa. Wiki tatu amekaa gizani na baridi hii, kwa ajili ya rangi yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulitumika kazi na roho yako yote, Nadine," akasema. "Siku ile ulikuwa unaniangalia sawa vile ulikuwa mudogo. Ningekuambia namna gani?"

Nililia. Ndiyo, sokoni, mbele ya muuza vifungo. Mamu akanifuta kwa ncha ya kitenge, halafu akakagua kama sijakiharibu.

Saa nane nilikuwa nyumbani. Kuiondoa ile nyeupe hakukuchukua hata nusu ya muda wa kunywa chai. Jina nimelishusha chini ya picha, kwenye utepe wake wenyewe usiogusa kitenge. Sasa nguo inaonekana yote, mpaka pindo la mwisho. Sitadanganya, inaniuma. Skrini imekuwa ya kawaida tu, haina mbwembwe. Lakini yale macho ya kijani yalitoka kwa nguvu mpaka nikacheka peke yangu, na nikagundua kwamba kule chini kabisa kitenge kile kina mstari mwembamba wa dhahabu. Mwezi mzima nilikuwa nimeufunika kwa ustadi mkubwa.

Saa kumi nikapata ujasiri wa kumpigia Mama Béa. Nikamweleza kwamba si jua, na wala si camera, ni mimi na mapenzi yangu ya rangi. Nikamwomba aangalie tena. Nikasikia anapapasa simu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mwimbaji, kinachotoka tumboni.

"Ile couleur nyeupe haikunisumbua sana, mutoto," akasema. "Ningefungua bikwembe yote, ningeona. Ni Mamu yako njo alinitia woga. Alisema camera, na huku anakunja kikwembe chenye kilikuwa kimeisha kukunjwa. Miaka yote ile siyamusikia anasema bongo, anadanganya mutu. Nikajiuliza, leo anaficha nini?"

Alikuwa ananificha mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mamu haikufika hata ukingo wa meza. Mwanamke huyu hawezi kudanganya hata umri wake, na leo alichukua jina lake safi akalitandika chini ili mimi nipite, kama wamama wanavyotandika vitenge ardhini siku mtoto anapomaliza masomo. Sijui nilifanya nini kustahili mama wa namna hii. Pengine hakuna mtoto anayestahili, tunapewa tu.

Mama Béa atakuja Jumatatu na wamama wawili waiguse nguo kwa mikono yao. Ameagiza kibanda kifunguliwe, vitenge vitundikwe, watu waone. Hayo nimemwambia Mamu. Alikwenda moja kwa moja kutafuta kamba zake za kutundikia. Sasa hivi anapuliza makaa ya mbabula ili apike bukari, yaani ugali wetu, na anaimba.

Lakini yale ya camera na woga wa Mama Béa sijamwambia. Dakika chache zilizopita alipita hapa mlangoni na sufuria mkononi, akasimama, akaniangalia kwa majivuno ambayo sijawahi kuyaona kwake.

"Unaona? Nilimuambia ni camera, akaitika ni kweli."

Akaenda zake akicheka, ameridhika kabisa na ujanja wake.

Sasa nifanyeje? Ni uongo wake wa kwanza sokoni, na aliusema kwa ajili yangu. Nani atakuwa na moyo wa kumwambia kwamba hajui kudanganya?