Tao Ulilolinyamazia

Baba,

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo sikuthubutu kukuuliza ulipokuwa hai: lile tao la mlango wa msikiti mdogo wa kale, kule Kisiwani, ulilikuta au ulilijenga ulipoukarabati?

Shaka hii haikuanza baada ya kifo chako. Ilianza siku niliyokusomea barazani, hapa Masoko, sura ya tasnifu yangu inayosema kwamba tao hilo ni la asili na kwamba hakuna fundi wa zama zetu aliyebadilisha jiwe lake hata moja. Ulisikiliza hadi mwisho. Ukaomba maji. Kisha ukasema, "Umeandika vizuri, mama," ukaingia ndani. Wewe, uliyenibishia mbele ya wenzangu wa chuo hata namna ya kukoroga chokaa, siku hiyo hukuwa na la kubisha.

Tangu uondoke, Mama amehamia Lindi kwa dada. Tanuri lako la chokaa limeota majani. Mafundi wa sasa wanapenda saruji, ingawa wanajua inavyoyaharibu mawe ya matumbawe. Na masika yaliyopita yalibandua lipu upande wa kulia wa tao. Nilipokwenda kukagua, nilikuta kizibo cha soda ndani ya chokaa, katikati ya mawe mawili.

Nikakumbuka ulivyonichukua kazini nikiwa mdogo, ukaushika mkono wangu na kuupitisha ukutani. Kila jiwe jipya ulilirudisha ndani kwa upana wa kidole. "Mgeni asidanganyike," ulisema. "Aone wa kale waliishia wapi, na mimi nimeanzia wapi." Katika tao lile mkono haukwami popote. Ndiyo sababu niliandika nilichoandika.

Nilikwenda kwa Mzee Mbaraka, mliyechoma naye chokaa miaka yote. Nilimwamkia, nikamweleza habari za kizibo. Alicheka hadi akakohoa.

"Msomi mzima unakuja kuniuliza mimi yaliyomo kitabuni mwako?"

Nilipomng'ang'ania, aliacha kucheka. Alisema kizibo kingeweza kuingia mlipokuwa mkiziba nyufa tu, kwani soda mlikuwa mkinywea palepale juu ya jukwaa. Maelezo hayo yanawezekana. Halafu, bila kunitazama, akaongeza: "Baba yako alikuwa na mkono wa ufundi, binti. Mengine ungemuuliza mwenyewe."

Nilikishuku kicheko chake, kisha nikakishuku kimya chake. Huenda namwonea. Huenda nakuonea na wewe. Labda siku ile ya barazani ulikuwa na kiu tu.

Lakini mwezi ujao kibao kitasimamishwa mbele ya msikiti, na maneno yake yametoka katika tasnifu yangu. Watoto wa shule watayanakili kwenye madaftari yao. Kwa hiyo juzi niliwaandikia wahusika wayaondoe maneno "la asili", nikakiri kwamba niliandika kwa uhakika nisiokuwa nao. Jina lako nimelitaja kama la fundi wa mwisho kulikarabati tao, bila kuongeza neno.

Wamenijibu kwamba ipo njia ya kupata ukweli: kuyafungua mawe ya katikati na kupima chokaa iliyo nyuma yake. Nimekataa. Nimewaeleza kwamba tao hilo, liwe la watu wa kale au lako, likifunguliwa huenda lisisimame tena. Ni sababu nzuri ya kitaalamu, na ningempa alama mwanafunzi yeyote atakayeitoa. Hata hivyo siiamini sana, maana imenijia upesi mno. Sijui kama nililikinga jengo au nilikukinga wewe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kila masika yakipita nitakwenda kuliziba kwa chokaa, si kwa saruji, na sitaandika tena kwamba najua. Swali langu litabaki pale lilipo, kwa sababu aliyeweza kulijibu bila kuvunja jiwe hata moja ni wewe, nami nilikuwa na miaka yote ile ya kukuuliza.

Mwanao