Nimemaliza Magonjwa Yote, Sasa Ukweni Wameitisha Kikao

Mpendwa Anti Gloria, naomba msaada wako, ila tafadhali usinifokee kama ulivyomfokea yule jamaa wa Makambako, yule alistahili, mimi ni mtu wa maana, naitwa Kashindye, nina miaka ishirini na sita, Msukuma, wazazi walihamia huku Usangu na ng'ombe wao, shule niliishia kidato cha pili lakini hapa Rujewa hakuna anayelima majaruba ya mpunga kwa pawatila akanifikia, waulize hata wanaonichukia, na sura pia ninayo.

Sasa Anti, mwaka jana nilimsindikiza dada yangu hospitali moja ya Mbeya, mtoto wake Lea alikuwa haongei, daktari akawa anauliza maswali, je, mtoto anaziba masikio watu wakipiga kelele, nikasema hata mimi, je, anakataa vyakula vinavyoteleza, nikasema hata mimi, je, anavurugika ratiba ikibadilika ghafla, nikasema daktari hapo umenigusa, yule mama daktari akaweka kalamu chini akasema, "Kaka, mtoto tumemaliza, hebu sogeza kiti wewe." Nikarudi kwake mara kadhaa, mwisho nikaambiwa nina usonji, nimezaliwa nao, na hili tumbo langu linalofunga na usingizi unaonikimbia navyo huwapata wengi wenye usonji. Kusema ukweli nilifurahi, maana maisha yangu yote nimeitwa mwenye maringo, kumbe nina sababu.

Shida ni Violet. Violet ni mchumba wangu, Mhehe wa Kalenga, anashona nguo hapa Rujewa, mzuri mpaka nawaonea huruma wenzangu. Yeye sikumwambia, niliogopa atadhani ni wazimu au nimerogwa. Basi tulipokwenda kwao kujitambulisha mashangazi wakanipokea kwa vigelegele, wananikumbatia kwa zamu, spika inapiga kwaya, watoto wanagonga sufuria, nikaletewa mlenda, na mimi pawatila inaningurumia sikioni siku nzima wala sijali kwa sababu naiwasha mwenyewe na kuizima mwenyewe, lakini mashangazi hawana swichi, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu na nguruwe, Violet akanifuata, "Kashi, una nini?" nikasema malaria.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kipaimara cha mdogo wake nikaumwa taifodi, harusi ya binamu yake vidonda vya tumbo, kwenye msiba UTI. Mama yake akaanza kunitumia dawa ya mizizi kwenye dumu, chungu hiyo Anti, naimaliza kwa heshima. Mara ya mwisho shangazi yake Faustina akanishika mkono mbele ya watu.

"Mkwe, leo tunaumwa nini?"

"Presha, shangazi."

"Presha! Hiyo tulikuwa bado. Na mwakani je, uchungu wa kujifungua?"

Sebule nzima ikacheka, isipokuwa mzee Adrian, baba mkubwa wa Violet. Yeye ameitisha kikao Jumamosi hii, anasema hawawezi kumpa binti yao mtu anayekufa halafu anaficha anachokufa nacho, uchumba uvunjwe. Na Violet juzi akanifuata shambani, akasimama kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, akasema, "Kashi, kama una ugonjwa wa kufa niambie tu. Nitakuuguza. Wao nitajua cha kuwaambia." Akalia. Nikamwambia ni uchovu.

Ila mpango ninao, Anti. Rafiki yangu Shedrack anasema Ijumaa kuna maombezi Mbeya, niende nikaanguke pale, nipone yote kwa mkupuo, yeye atoe ushuhuda, halafu Jumamosi niingie kikaoni mzima kama chuma. Naona ni akili kubwa. Unasemaje?

Kashindye, Rujewa

ANTI GLORIA ANAJIBU

Kashindye, sura nitaamini, akili kubwa hapana. Ukiponywa Ijumaa, Jumamosi utakumbatiwa na mashangazi wote wa Kalenga, na safari hii huna hata mafua ya kujitetea. Mzima anakula mlenda, mzima anasikiliza kwaya mpaka asubuhi. Achana na Shedrack, na Mungu msimwingize kwenye igizo lenu.

Pole, kwanza. Kuitwa mwenye maringo miaka yote hiyo wakati kelele zinakuumiza kweli si jambo dogo. Usonji si wazimu, hauambukizi, hukurogwa, na hakuna wa kukuponya kwa sababu ndivyo ulivyozaliwa. Huruma yangu imeishia hapo.

Msichana amesimama kwenye matope akakuahidi kukuuguza mpaka kufa, wewe ukamwambia uchovu! Ulikuwa unaogopa akuone wa ajabu, sasa anakuona maiti. Mzigo mzito ameshajitwika, huu mwepesi ndio unamficha. Mimi usiyenijua umenieleza yote, mpaka nguruwe.

Nenda kwake anakoshonea. Mwombe azime redio, mwambie ulichoambiwa Mbeya, kwa maneno yaleyale ya daktari, usiongeze chumvi. Akiuliza usilolijua, kwa mfano kuhusu watoto mtakaowapata, sema hujui, kisha mpande gari mwende wote kwa yule mama daktari. Na hiyo dawa ya dumu acha leo hii. Tumbo linalofunga ni la kweli, lipeleke kwa daktari.

Jumamosi muingie kikaoni wawili. Kwa uongo omba radhi, tena piga magoti. Kwa usonji usiombe radhi hata kidogo. Waambie unasalimia kwa mkono, unakula wali na maharage, na ukitoka nje hujanuna, unapumua na utarudi. Harusi iwe na spika moja, tena mbali na meza yenu. Shangazi Faustina mpe kazi ya kuzuia wanaotaka kukukumbatia. Kwa mdomo ule hapiti mtu.

Majibu haya nakutumia kwenye simu leo Jumanne, gazeti linatoka Alhamisi. Majina nimeyabadilisha yote. Lakini Msukuma mwenye pawatila Rujewa, anayeoa Kalenga na kuumwa kila sherehe, shangazi yule hahitaji kutajiwa jina.

Una Jumatano nzima. Anza asubuhi.