Kivuli Nilichokiita Msitu

Dada Neema, shikamoo.

Huku Tumati baridi haina adabu. Sweta la mama halitoki mwilini. Leo watu wa hifadhi walileta picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege, tuone mlima ulivyobadilika. Unanijua, nikajipa ualimu. Nikamwonyesha Mzee Safari, mwenyeji wangu, doa jeusi karibu na boma lao. "Hapa palikuwa na msitu, mzee. Mkaumaliza."

Akainama. "Basi marehemu baba alikosa. Mwenye shoka alikuwa yeye."

Kisha ikatolewa picha ya pili, iliyopigwa ndege ilipogeuka kurudi. Msitu wangu ulikuwa umehamia ng'ambo ya mto, na wingu jeupe limekaa pembeni yake. Kilikuwa kivuli, dada. Mke wa mzee akashika mbavu: "Mwalimu, na wingu nalo tulilikata kwa shoka?"

Nimemwomba mzee radhi. Akanimiminia maziwa mpaka kikombe kikafurika, nikayanywa nikitazama chini. Lakini yule marehemu nitamwombaje?

Nawapenda wote. Mwambie mama asiniite tena profesa mbele ya majirani.

Mdogo wako,
Elia