Funguo za Mzee Athuman

Tukuyu, Mei 1976

Mpenzi Mwanaamina,

Natumaini masomo yako ya ualimu yanaendelea vyema. Huku mvua haijakatika. Mimi nimepewa meza yangu bomani, nami ndiye pekee hapo mwenye shahada.

Jana maduka ya watu binafsi hapa Tukuyu yalifungwa ili kupisha duka la ujamaa. Niliteuliwa kusoma tangazo. Baba yako, akiwa mlangoni mwa duka lake, alisema, "Paza sauti, mkwe, wa nyuma hawasikii." Watu wakacheka. Nikapaza sauti.

Nilipomaliza, alinikabidhi funguo kwa mikono miwili. "Pokea, Ndugu Ofisa."

Leo mshenga wangu alikwenda kwenu kupanga siku ya ndoa yetu. Aliambiwa kwamba nyumba hiyo haina binti.

Akupendaye,
Yunusu Zuber,
Ofisa Ushirika