Simu Iliyoamsha Vimeng'enya

Shoga, nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana leo.

Unavijua vile vimeng'enya vyangu, vinavyolala gizani na kuamka vikiguswa na mwanga wa bluu? Vikiamka vinaikata DNA palepale. Ndiyo maana nashinda peke yangu kwenye chumba cha giza, na taa nyekundu hafifu tu.

Basi simu ikaita mfukoni. Nikashangaa. Nani wa kunipigia mimi? Nikaitoa bila kufikiri, kioo kikamulika sampuli zote kwa mwanga wake wa bluu.

Na sikuizima, shoga! Nikapokea.

Sauti ya mama mtu mzima, ya upole: "Mwanangu, umeshakula?"

Nikasema, "Bado, mama."

"Hee! Kumbe siye. Samahani, nimekosea namba."

Nikamwambia usikate. Mtu nisiyemjua, namwambia mama, tafadhali usikate! Akakata.

Profesa wetu akaja kuangalia, akanikuta bado nimeshika simu. DNA yote tuliyokuwa tuisome wiki hii, vipande vitupu. Hakufoka. Bora angefoka. Aliuliza taratibu, "Nani huyo wa maana hivyo?"

Ningesema nini? Eti namba iliyokosewa? Nikamwambia ni rafiki yangu, hunipigia kila siku, asiponisikia halali.

Akanitazama, akasema, "Una bahati wewe. Rudia kazi kesho."

Akauliza ni rafiki gani. Nikakutaja wewe.

Nisamehe kwa kukusingizia. Tangu uolewe, hata sauti yako sijaisikia.