Ekai, Akiru Ana Madoa Yako

Ekai, kaka yangu,

Ejok? Najua hutajibu, lakini nikianza bila salamu utasema nimesoma mpaka nikasahau adabu.

Mdogo wetu Akiru ana madoa yako. Yalianza mdomoni, yakapanda puani, vilevile kama yako kabla kile kidonda hakijatokea. Nilipoyaona nilitoka nje ya boma nikalia. Tukampeleka Kakuma, hospitali ileile uliyofia, na wiki jana majibu ya damu yakaja. Ni ugonjwa wako.

Sasa najua kilichokuua, na wewe haupo tena nikuambie. Mwalimu wetu hapa chuoni Lodwar alinifafanulia polepole. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza hunakili uzi wake wa urithi, ile DNA. Jua huuharibu uzi huo hapa na pale, na kazi ya kunakili ikifika palipoharibika, hukwama. Watu wengi wana kimeng'enya cha kuivusha hapo, uzi usikatike. Wewe hukuzaliwa nacho, ndiyo maana jua likakuletea saratani ya ngozi. Na sisi tulikutuma na mbuzi huko Lopur mchana kutwa, umejifunika shuka ya mama kichwani, wavulana wakikuita nyanya. Ulikuwa ukiwajibu, "Nyanya hachungi mbuzi tu, hata nyinyi nawachunga." Nacheka nikikumbuka, halafu roho inauma.

Baba alikuwa akisema ulirogwa. Jumapili nilimweleza kwa Kiturkana, maana kwa Kiswahili angeinuka aende zake. Nikamwambia ni kama mbuzi waliokwama katikati ya laga, ule mto mkavu, maji yakija: wasipopata mtu wa kusimama nao mpaka wavuke, wanatawanyika na kusombwa. Akauliza, "Kwa hiyo Ekai alikuwa peke yake pale?"



Asubuhi Akiru alichukua fimbo yake kama kawaida. Baba akaipokea mkononi mwake, akawatoa mbuzi mwenyewe, na lile goti lake bovu. Habari za kurogwa hajazitaja tena.

Nimemnunulia Akiru kofia pana na nguo za mikono mirefu. Anazichukia, ananuna kama wewe. Chuo kikifunga nitachunga mimi, baba apumzike. Na madoa yake nitayaangalia kila nikija nyumbani, hata akinikimbia.

Nimekukosa, Ekai. Pumzika sasa. Huyu hatavuka peke yake.

Dada yako,
Nakiru